Kwenye Kona Kuna Mashine

Kwetu Butembo, mtu akikuelekeza nyumbani kwake hakupi namba. Anakutajia kitu ambacho kimekwisha kufa. Atasema pale palipokuwa na mparachichi, au nyuma ya kanisa la zamani, na kanisa lenyewe lilibomolewa wakati yeye bado ananyonya. Ukimwambia hukioni hicho anachokitaja, anakushangaa wewe.

Kwenye karatasi mambo yamepangwa vizuri. Jiji lina komini, komini ina kartiye, kartiye ina selule, selule ina avenyu, na ndani ya avenyu watu wamegawanywa nyumba kumi kumi. Kila kumi ina mkuu wake, naye tunamwita kwa jina la kazi yake, Nyumba Kumi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ngazi hizo nimezifundisha miaka mingi, watoto wakizikariri kwa sauti mpaka wapita njia wanacheka. Lakini nyumba kumi zetu zilikuwa kumi na saba. Watu walikuwa wamekata viwanja vyao wakawapa wana waliooa, kwa hiyo baada ya tisa ilikuja tisa bis, yaani tisa ya pili, halafu tisa ter, ya tatu. Nyumba yangu, ambayo kibao chake cha bati kililiwa na kutu zamani, ilikuwa kumi na moja au kumi na nne, inategemea umemuuliza nani. Hospitalini wakiniuliza namba nilijibu ile iliyokuja mdomoni, nao wakaandika. Hakuna mtu aliyewahi kunitafuta kwa namba.

Kona yetu iliitwa Kwa Mashine. Hapo zamani palikuwa na mashine ya kusaga mihogo, ikaharibika, mwenyewe akaiuza vipande vipande. Pakajengwa duka, na duka likageuka farmasi, yaani duka la dawa, yenye milango ya buluu. Sisi tuliendelea kusema Kwa Mashine. Mimi nilitoka Beni kuja kuolewa hapa, nikazaa hapahapa, na mashine hiyo sikuiona hata siku moja, lakini niliielekezea watu kama vile nimekula unga wake.

Woga uliingia kidogo kidogo. Kwanza ulikuwa wa Beni tu. Tulisikia kijiji fulani kimeingiliwa alfajiri, watu wamekatwa kwa mapanga mashambani, kwenye kakao. Baadaye tukaanza kuwaona wakimbizi wenyewe wakishuka kwenye malori na magodoro yao. Ndipo neno likaanza kutembea kwamba wale wauaji hawaji hivihivi. Kabla yao anatangulia mtu mmoja, mpole, mara nyingine mwanamke, anauliza njia. Anahesabu milango na kusikiliza mbwa wako wapi, kisha anarudi kwa wenzake. Sikumpata mtu aliyemwona huyo mpelelezi kwa macho yake, lakini niliamini. Nilianza kutembea nikiangalia nyuma. Mtu nisiyemjua akinisalimia, nilimjibu huku nashika mkoba kifuani.

Nilikuwa na somo ambalo nililipenda kuliko yote, la kuwaambia watoto wachore njia kutoka nyumbani mpaka shuleni. Walichora mto, daraja, mbuzi wa jirani, na yule mwendawazimu wa sokoni. Mwaka huo mama mmoja alikuja shuleni ameshika mchoro wa mwanawe. Aliniuliza kwa upole, akiniita Madame kila baada ya maneno mawili, karatasi hizo nazipeleka wapi. Nilimwambia nazitia alama na kuwarudishia. Akasema yeye angeomba mtoto wake asichore tena kwao. Nilikasirika, maana mimi si mtu wa kuonyeshwa kazi yangu. Lakini jioni ile nilizichoma zote jikoni, na somo hilo sikulifundisha tena.

Jumapili moja baada ya misa Nyumba Kumi alituita nyumba zote kumi na saba kwenye banda lake. Yeye ni seremala, tukaketi juu ya mbao. Watu walilalamika, kila mmoja na lake: walinzi, tochi, mbwa, filimbi. Mimi nilinyosha mkono kama mwanafunzi wangu. Niliwaambia kwamba mpelelezi hujifunza yaliyopo. Atajifunza farmasi, atajifunza milango ya buluu, hata majina yetu anaweza kuyajifunza. Asichoweza kujifunza ni kile ambacho hakipo tena. Kwa hiyo mgeni yeyote asiyejulikana aulizwe swali moja, kwenye kona kuna nini. Wetu atajibu mashine. Akijibu farmasi, si wetu, ashikwe.

Walinipigia makofi. Nasema kweli, nilifurahi. Katika miezi ile yote hiyo ndiyo ilikuwa siku pekee ambayo sikuogopa.

Nikafanywa mwandishi, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Nikapewa daftari la wageni, na kwenye ukurasa wa kwanza niliandika sheria zetu. Mgeni akishikwa, mwandishi aje kumwandika kabla hajafanywa lolote. Anayemtetea mgeni anajibu kwa nyumba yake, na mgeni huyo akileta balaa, balaa ni la mtetezi. Tena jibu la kona lisiambiwe mtu wa nje, hata awe ndugu wa tumbo moja. Tulibishana tuapie Biblia ya nani, maana Wakatoliki na Waprotestanti tulikuwa karibu sawa kwa idadi, mwishowe tukaapa juu ya zote mbili. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi siku ile tuligeuza methali hiyo nyuma mbele, tukaenda nyumbani kula.

Mimi nina mdogo wangu mmoja tu. Mama alituzaa watatu, tukabaki wawili. Yeye ni mshonaji, alikaa Beni, pembeni kabisa mwa mji, upande ambao mashamba ya kakao yanaanza. Hakuwahi kufika kwangu Butembo. Kila mara mimi ndiye niliyeshuka Beni, kwa Krismasi na kwa misiba, mpaka barabara ikawa ya kwenda kwa msafara na wanajeshi mbele, nami nikaacha kushuka. Nilimsihi kwa simu aje akae nasi. Alinicheka, akasema mashine yake ya kushona haina miguu. Alikataa majuma mengi. Halafu siku moja alisema amechoka kulala na viatu mguuni, atakuja Jumamosi.

Nilimwelekeza. Nilimwambia akifika Butembo achukue pikipiki, amtajie dereva kartiye yetu, ateremke kwenye farmasi yenye milango ya buluu, atanikuta nimesimama hapo. Nakumbuka kwamba maneno mengine yalinifika kwenye ulimi: na wakikuuliza, sema mashine. Nikayameza. Nilikuwa nimeapa juu ya Biblia mbili, na mimi ndiye niliyeiandika sheria. Tena nitakuwepo mwenyewe, nikajiambia. Atashuka, nitamshika mkono, hakuna atakayemuuliza kitu.

Alikuja Alhamisi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo walipiga risasi karibu na kwake, watu wakakimbia na nguo za kulalia. Simu yake ilikuwa imeisha moto, yaani chaji, tangu jana yake. Alipanda gari la kwanza lililompokea. Hayo yote niliyajua baadaye. Mimi Alhamisi ile nilitoka shule saa tisa, nikavua viatu, nikajitilia chai. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ilikuwa tope. Simu ikalia, alikuwa Nyumba Kumi.

"Madame, kuya na ile daftari," alisema. "Tumeshika mama moja pa kona. Tumemuuliza kuko nini, anasema farmasi."

Tangu tuape hatukuwa tumemshika mtu hata mmoja. Kumbe wapo kweli, nilifikiri, kumbe wamefika kwetu. Nilimwambia nakuja, nikakata simu, nikabaki nimeketi. Sikutaka kumwona huyo mwanamke. Sikutaka anione uso na kuuchukua kichwani mwake. Na nilijua, maana mji wetu naujua, kwamba vijana wakishakusanyika wakati mwingine hawangojei daftari wala polisi, na kwamba nikichelewa kidogo huenda nitakuta mambo yamekwisha bila mimi kuandika kitu. Sijui niliseme namna gani lionekane zuri zaidi, kwa hiyo nalisema lilivyo: nilitumaini watayamaliza. Nilikunywa chai yangu yote. Nilitafuta viatu vya tope, nikavipata, nikavifuta. Nilijaribu kalamu mbili. Kutoka kwangu mpaka kwenye kona ni mwendo wa dakika nne, na mimi nilitumia kama nusu saa.

Watu walikuwa wengi, wamefanya duara mbele ya farmasi. Mwenye farmasi alikuwa amefunga ile milango yake ya buluu. Nilipita kwa bega, watu wakinipisha, Madame amefika, Madame amefika. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kitenge. Kilikuwa cha kahawia chenye ndege weupe, kile tulichokinunua ukoo mzima kwa msiba wa mama. Hakikuuzwa sana Butembo. Nilisimama nikiangalia ndege wale weupe kwenye tope, na kichwa changu kikakataa kwenda mbele.

Aliketi chini. Mikono ilikuwa imefungwa kwa waya, kitambaa cha kichwa kimetupwa mbali, mdomo umepasuka. Kiatu kimoja hakikuwepo. Kijana mmoja ninayemjua, niliyemfundisha kusoma, alishika jiwe kubwa kwa mikono miwili, ameliegemeza tumboni kwa sababu ya uzito. Inaonekana alikuwa amelishika muda mrefu. Baadaye walinieleza kwamba mwanamke huyo alipiga kelele sana kwamba anakwenda kwa dada yake, mwalimu, na ndiyo maana waliogopa zaidi. Walisema, ona, mpaka mwalimu wetu wamekwisha kumjua.

Mdogo wangu aliinua macho akaniona. Sauti ilikuwa imemwisha.

"Madame," Nyumba Kumi aliniuliza, "huyu mama unamujua?"

Ningependa kuandika kwamba nilijibu papo hapo. Nilitazama jiwe lile, nikatazama nyuso, na zote nilizijua, mama wa mikate, mwimbaji wa kwaya, baba anayeniazima ngazi. Hofu iliyokuwa machoni mwao ndiyo ileile niliyokuwa nayo mimi jikoni kwangu. Nikakumbuka kwamba anayetetea anajibu kwa nyumba yake. Nilikumbuka hata mstari ambapo niliiandika sheria hiyo. Wanangu walikuwa wapi saa ile? Watu hawa watanigeukia, watachoma nyumba. Mambo hayo yote yalipita kichwani mwangu huku ndugu yangu akinitazama. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimemsukuma mwingine aingie kwanza.

"Ni mudogo wangu," nikasema. "Mama moja, baba moja."

"Sasa juu ya nini alisema farmasi?"

"Ni miye nilimwambia farmasi."

"Na mashine?"

"Tuliapaka," nilimjibu.

Yule kijana aliliteremsha jiwe polepole, akaliweka kando ya barabara kwa uangalifu kana kwamba ni mali ya mtu. Mtu mmoja nyuma alicheka, kicheko cha aibu. Nyumba Kumi alipiga magoti kwenye tope afungue ule waya, na vidole vyake, vidole vya seremala, havikuweza kuupata mwisho wake. Mama wa mikate alileta maji kwenye kopo. Hakuna aliyeomba msamaha siku ile. Asubuhi yake nilikuta mlangoni ndizi, maharagwe na kile kiatu kilichopotea, kimeoshwa.

Mdogo wangu alikaa kwangu siku tisa na hakuvuka mlango wa uani. Nilimpa kitanda changu. Alishona nguo zote za watoto zilizochanika, na mazulia, na mapazia, na hakuzungumza ila kuhusu uzi. Usiku nilimsikia ameketi, hajalala. Siku ya tano, tukichambua maharagwe, aliniuliza bila kuinua kichwa, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, walikuuliza kama unanijua. Juu ya nini ulikawia kujibu?"

Nilimwambia ni woga. Alitikisa kichwa, akasema anaelewa, nasi tukaendelea na maharagwe. Ile chai sikumwambia. Hajui mpaka leo kwamba alikaa kwenye tope nusu saa akiningoja mimi niliyekuwa nafuta viatu.

Siku ya kumi alirudi Beni. Nililia, nikamshika mkono, nikamwambia huko watamuua. Alisema huko angalau wanamwogopa mtu mwingine. Alivaa kitenge kilekile, nilikuwa nimekifua mara tatu, na tope lilikuwa limeacha rangi.

Katika mkutano uliofuata nilirudisha daftari. Nyumba Kumi hakutaka kulipokea, aliliweka chini ya mbao zake, na hakuna aliyesema swali la kona lifutwe. Nami sikusema. Hilo ndilo linalonishangaza kwangu mwenyewe. Niliogopa kwamba tukilifuta, ndipo mpelelezi wa kweli atakuja.

Miezi ikapita. Nikasikia kwamba watu wa upande wake wa Beni wamehama, wamejibana katikati ya mji, chumba kimoja familia tatu. Nilimpigia simu, akasema naye amehama, yuko salama, mashine ya kushona ameibeba. Nilimuuliza amehamia wapi.

"Yaya," akasema, "hata siye huku tulikubalianaka hapana kuambia mutu."

Sijui kama ilikuwa kweli au alikuwa ananirudishia changu. Yote mawili yawezekana kwa wakati mmoja. Nilicheka, naye akacheka kidogo, tukaongea habari za watoto.

Kiangazi, shule zilipofunga, nilichukua viazi vya Lubero gunia dogo, anavyovipenda, nikapanda gari la kwenda Beni. Sikumwambia. Niliogopa barabara yote, tangu mteremko wa Kabasha mpaka kizuizi cha mwisho. Nilijua vitu viwili tu: kwamba kwenye simu yake asubuhi husikika kengele ya kanisa, na kwamba siku moja alitaja harufu ya kakao inayoanikwa. Beni ni joto, nami nilikuwa nimevaa sweta ya Butembo, kila mtu aliweza kuona kwamba mimi si wa pale. Nilipita nyuma ya kanisa la kwanza, nikapita nyuma ya la pili. Niliuliza habari za mama mshonaji aliyehamia karibuni. Mwanamume wa kwanza alisema hajui. Wa pili alisema hajui, kisha akageuka kunitazama nilivyokuwa nakwenda. Nilipiga simu ya mdogo wangu, haikupatikana.

Kwenye njia ya tatu niliona kakao imetandazwa juu ya turubai, na mbali kidogo nikasikia mashine ya kushona. Naujua mwendo wa mguu wake, anakanyaga haraka mara tatu halafu anapumzika. Nilisimama. Pikipiki mbili zilikuwa zimeegeshwa hapo, na madereva waliacha kuzungumza. Mlango mmoja ulifungwa. Mama mmoja aliyekuwa anageuza kakao kwa reki alijinyosha, akaishika reki mbele yake kwa mikono miwili.

"Mama," aliniuliza, "unatafuta nani?"

Alikuwa mwanamke wa umri wangu, naye aliniogopa. Niliona hivyo vizuri. Mashine ilikanyagwa mara tatu ikapumzika. Ningeweza kuita, naye angeulizwa kama ananijua.

"Hapana," nilimjibu. "Sitafuti mutu."

Nikajitwika gunia langu, nikageuka, nikatembea bila kukimbia mpaka rond-point, kwenye mzunguko wa barabara, nikapata gari la kurudi Butembo.

Jioni yake simu ililia. Mdogo wangu aliniuliza habari za nyumbani, na za mvua.

"Yaya, banasema kuko mama moja alipita hapa leo na gunia, anaulizauliza. Ilikuwa weye?"

"Hapana," nikasema.

"Ni muzuri," akasema. "Juu walikuya kuniuliza kama ni mutu wangu. Nikabaambia mi hapana jua mutu wa Butembo."

Tulitakiana usiku mwema. Viazi vile tulivila juma zima, mimi na watoto, na sikuwaambia vilikuwa vya nani.